Wastaafu wa Wattaya Ilipokuja Bima Mpya

Wenzangu mnaoanza kazi mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya unesi. Nimestaafu juzi tu, na bado nnaamka alfajiri nikaitafuta sare yangu kabla sijakumbuka kwamba nimeshairudisha, kwa hivyo wakati nnao. Vyeo sitaviandika, vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Mshahara hauwahusuni. Nitawaandikia kliniki yetu ilivyokuwa, nani alinifundisha, na yaliyotokea mambo ya bima yalipobadilika na wastaafu wetu wakajikuta wamebaki nje ya mlango.

Kliniki ilikuwa Wattaya, mtaa wa Maskati, vyumba vitatu nyuma ya maduka ya magari. Mgonjwa akipotea tulikuwa tukimwelekeza kwa gari zilizowekwa kiooni, na duka likibadilisha gari ya mbele, wiki ile watu walipotea kweli. Kampuni yenyewe ilikuwa ya kujenga barabara. Wafanyakazi wake walitoka kila upande, Waomani wa hapa, Waomani waliorudi kutoka Unguja na bara, Wahindi, Wapakistani, na mafundi wachache wa Tanga na Mombasa. Mie nilikuwa msichana wa Kiunguja niliyezaliwa Maskati, na nilichukuliwa, nnavyodhani, kwa sababu nnajua Kiswahili na Kiarabu na sikuogopa damu.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vyeupe vipya vilivyonibana. Nesi mkuu alikuwa Sista Mariamma, mwanamke mfupi kutoka Kerala, aliyekuwa akizungumza Kiarabu cha vibarua na Kiswahili alichokiokota kwa wagonjwa. Alinitazama miguu kabla ya uso. "Kesho vaa vya zamani," akaniambia. Kisha akanipa somo ambalo sikulisoma chuoni. Alisema nisimuulize mgonjwa anaumwa wapi. Nimuulize kwanza leo amefanya nini. Mtu anayetaka kurudi kazini atakwambia haumwi popote, na anayetaka kupumzika ataumwa kila mahali, lakini wote wawili watakueleza siku yao ilivyokwenda, na ugonjwa utauona humo ndani. Asubuhi ile ile akaingia kijana aliyelalamika kichwa. Sista akamuuliza leo amefanya nini. Amemwaga lami tangu alfajiri, na mara ya mwisho kunywa maji hakumbuki. Hakupewa kidonge. Alipewa birika la maji na kiti kivulini, na hakuruhusiwa kuondoka mpaka amekwenda msalani.

Tulikuwa na mashine ya presha ya zebaki, nzito, ndani ya sanduku la chuma, na mie nikiipenda. Ilitaka masikio yako na utulivu wako. Baadaye tukaletewa ya betri, ambayo hutoa jibu haraka, mara nyengine hata kabla hujamaliza kuifunga mkononi. Kama mnatumia hizo, pimeni mara mbili, na mwacheni mgonjwa akae kwanza. Mtu aliyepanda ngazi anahema, presha yake ni ya ngazi. Na wenye kisukari wavueni viatu kila wanapokuja, hata wakinuna. Sista Mariamma alikuwa akipiga magoti sakafuni na kutazama baina ya vidole vya mguu wa dereva wa lori kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Alistaafu na kurudi kwao, na chumba chake nikakichukua mie.

Jumatatu ilikuwa siku ya wastaafu. Mwenye kampuni wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi yake. Mtu akimaliza kazi, humpa mkono mbele ya wenzake na kumwambia, "Kliniki ni yako na ya mkeo, mpaka mwisho." Hakuna aliyeuliza maneno hayo yameandikwa wapi. Wakaja miaka na miaka, kila Jumatatu, na chupa yao ya kahawa na tende, wakapimwa presha na sukari, wakachukua dawa, wakabaki wanazungumza mpaka adhuhuri. Daktari wetu mmoja mgeni aliwahi kuniuliza kwa nini wale wazee ambao wameshatibiwa hawaondoki. Nikamwambia hayo ndiyo matibabu yenyewe.

Wawili nitawataja. Mzee Khalfan alikuwa dereva wa buldoza, Muomani aliyezaliwa Tabora akarudi huku kijana, mkubwa wa mwili na wa sauti, na ana kisukari. Rafiki yake alikuwa Mzee Ramadhani, fundi wa greda, mtu wa Tanga, mkimya, ambaye maisha yake yote ya kazi yalipita katika gereji ya kampuni mtaa wa Wadi Kabir. Yeye hakuwa Muomani. Alipostaafu, mkewe alikuwa ameshafariki na binti yake, Mwanaidi, ameolewa hapa, basi akabaki kwa ukaazi wa familia, chini ya udhamini wa mkwewe. Mzee Ramadhani alikuwa amefanyiwa upasuaji akatiwa vali ya bandia moyoni. Mwenye vali ya namna ile humeza dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yake yote, na kila mwezi lazima apimwe. Dawa ikizidi atavuja damu. Ikipungua, damu itaganda juu ya vali. Kliniki ndiyo iliyokuwa ikimpima.

Halafu yakaja mabadiliko. Zilianza khabari magazetini kwamba waajiri watatakiwa kuwakatia bima ya afya wafanyakazi wao, na kampuni yetu haikungoja, ikaanza mapema. Nataka niwe muadilifu hapa, maana nnasikia watu wa rika langu wakizungumza kama kwamba kila cha zamani kilikuwa kizuri. Bima iliwafaa wafanyakazi. Zamani kibarua aliyeungua kambini, mbali na mji, alingoja gari ya kumleta kwetu Wattaya, nasi tukimtazama tu na kumpeleka hospitali. Sasa anakwenda na kadi yake hospitali iliyo karibu naye. Nimewaona waliopona kwa sababu hiyo. Tatizo ni kwamba mfumo mpya ulimtazama mtu aliye kazini. Aliyekwisha kuitoa kazi yake hakumo.

Meneja wa wafanyakazi wakati ule alikuwa Haitham, kijana mpole ambaye bibi yake na bibi yangu walikuwa majirani Unguja. Mbele za watu alikuwa akiniita Sista, na tukiwa peke yetu khalti, yaani mama mdogo. Aliniita ofisini kwake makao makuu, karibu na Madinat Sultan Qaboos.

"Kaa, khalti," akasema. "Tumeshatia saini na shirika la bima. Kila mfanyakazi atapata kadi, yeye na familia yake. Kliniki tutaifunga kabla ya joto kuanza. Wewe utahamia hapa, uwasaidie watu na mambo ya kadi."

"Na wastaafu?"

"Mkataba ni wa wafanyakazi. Mstaafu si mfanyakazi."

"Hilo nnalijua. Nnauliza atatibiwa wapi."

"Waomani wana vituo vya afya vya serikali. Ni haki yao, na tangu mwanzo ilikuwa haki yao."

"Na wasiokuwa Waomani?"

Akaigeuza kalamu yake juu ya meza. "Wengi?"

"Wachache. Wengine wote walirudi makwao."

"Basi tutawatazama."

Nimekaa katika kazi muda wa kutosha kujua kwamba neno hilo, likisemwa ofisini, huwa halina macho. Nikamwambia, "Waliahidiwa, Haitham."

"Hakuna palipoandikwa, khalti," akasema, na alisema kwa huzuni, si kwa ukali. Hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Mtu mkali ungejua pa kumshika.

Kwa miezi iliyobaki kazi yangu ilikuwa kuwahamisha wazee. Hili litawafaa nyinyi, kwa sababu mtahamisha wagonjwa maisha yenu yote. Usimpe mgonjwa faili zima. Hakuna daktari atakayelisoma. Mwandikie ukurasa mmoja: ugonjwa, dawa, dawa zilizowahi kumdhuru, na jambo moja ambalo mgeni hawezi kulijua. Kwa Mzee Khalfan niliandika kwamba akisema amemeza dawa, aulizwe kama mkewe yupo mjini. Halafu, ukiweza, nenda naye siku ya kwanza.

Nilikwenda naye kituo cha afya cha mtaani kwake. Akapewa namba, akaitazama ile namba kama tusi.

"Hapa nani ananijua mimi?" akaniuliza.

"Watakujua, ami. Rudi mwezi ujao."

"Kuna watu chungu nzima mbele yangu, na yule wa mwisho anakohoa."

"Na kwetu wewe ulikuwa wa kwanza, na ulikuwa unapiga kelele. Kaa."

Nesi wa pale, msichana wa mji wa Sur, alimpiga picha ya ndani ya jicho, kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Wakakuta mishipa imeanza kuharibika, wakampeleka kutibiwa kabla hajapoteza uwezo wa kuona. Sisi tulikuwa tukimpenda Mzee Khalfan, lakini macho yake yalihitaji mashine. Wengi wa wazee wetu walihamia hivyo hivyo, kwa manung'uniko, na wakatibiwa vizuri, na baadhi yao vizuri kuliko kwetu.

Mzee Ramadhani sikuwa na pa kumpeleka. Nilimwambia aendelee kupimwa hospitali binafsi kwa muda, wakati mie nnamfuatilia Haitham. Akanijibu, "Sawa, dada. Usijali." Kliniki ikafungwa. Nikahamia makao makuu, nikapewa meza karibu na mashine ya fotokopi, nikawa nnajibu maswali ya kadi kutwa kucha. Nilipompigia simu Mzee Ramadhani alisema hajambo. Nilipompigia Mwanaidi, naye akasema baba hajambo. Lakini Mwanaidi alilisema hilo haraka, kama mtu aliyefundishwa.

Ijumaa moja baada ya sala nikaenda Wadi Kabir. Mwanaidi na mumewe wanakaa nyuma ya magereji, nyumba ya chini, na siku ile magereji yamefungwa mtaa ulikuwa kimya. Mzee Ramadhani nilimkuta amekaa kwenye kiti karibu na mlango, na joto lile, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka kwenye viganja.

"Leo umefanya nini, mzee?" nikamuuliza.

"Nimeamka, nimeswali, nimekaa."

"Kunja mkono wa shati."

"Dada Asya, tuongee kwanza. Chai inakuja."

"Kunja, mzee wangu."

Akakunja. Mkono ulikuwa na mabaka ya zambarau kutoka kiwiko mpaka kiganjani, na wa pili vile vile. Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, na nikaona kutoka usoni mwake kwamba naye anayaona kwa mara ya kwanza.

"Kipimo mara ya mwisho lini?"

"Mlipofunga."

"Na dawa?"

"Dawa nameza, siachi hata siku moja. Ila goti limenisumbua, nikanunua vidonge vya maumivu pale duka la dawa."

Huo ndio mkasa wenyewe, na nnawaomba muukumbuke. Vidonge vya goti, vile vya kawaida vinavyouzwa kila duka, vikikutana na dawa ya kuzuia damu isigande, mtu anaweza kuvuja ndani kwa ndani bila ya kujikwaa popote. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwona.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

Alimtazama binti yake kwanza, kisha akaniambia polepole, "Mkwe wangu ana watoto, ana mama yake, na ana lori moja. Ananilisha, ananiweka. Siwezi kumwongezea na moyo wangu."

Mwanaidi akaweka sinia chini na kwenda kumwita mumewe. Tukampeleka hospitali saa ile ile. Damu yake ilikuwa nyepesi kiasi cha kumfanya daktari aagize kipimo kirudiwe, akidhani mashine imekosea. Alilazwa, akapewa dawa ya kurudisha nguvu ya damu kuganda, na kila nilipokwenda kumtazama nilikuwa nnaangalia kwanza macho yake, kama yamelingana, na kama ulimi unatamka vizuri, maana hofu yetu ilikuwa damu isije ikavuja kichwani. Haikuvuja. Alitoka ameishiwa nguvu lakini mzima. Mkwewe alilipia yote bila ya kusema neno, na kule kutosema kwake ndiko kulikomuumiza mzee zaidi.

Jumamosi ile, siku moja baada ya kumlaza, nilimpigia Haitham nyumbani kwake. Sikumlaumu. Nilimweleza mkono ule ulivyokuwa, basi. Akasema ameshawauliza watu wa bima tangu zamani, na wamekataa. Mzee wa umri ule, mwenye vali ya bandia, akiomba bima peke yake, hawamtaki, au watamchukua na kuutoa moyo katika mkataba.

"Mtu hawezi kukatiwa bima bila ya moyo, Haitham," nikamwambia.

"Nnajua, khalti."

Jumatatu iliyofuata wakaja wazee. Hawakuja kwa maandamano, wala hawakuwa na hasira. Walikuwa wamesikia yaliyompata Ramadhani, na Jumatatu ndiyo siku yao, na kliniki haipo, basi wakaja nilipo mie. Walikaa mapokezi ya makao makuu, kanzu nyeupe safu nzima, na chupa yao ya kahawa. Msichana wa mapokezi akanipigia simu kuuliza wageni hawa ni wa nani. Haitham alishuka mwenyewe. Wakamkaribisha kama yeye ndiye mgeni, wakamtilia kahawa, wakamuuliza wazee wake hawajambo. Ilichukua muda. Watu wa hapa hatuingii katika jambo kwa pupa.

Mwisho Mzee Khalfan akasema, "Mwanangu, sisi hatukuja kuomba. Serikali inatutibu, na mie macho yangu yameokolewa huko, Alhamdulillahi. Tumekuja kwa ajili ya Ramadhani."

"Nimeshasikia, ami. Mkataba haumruhusu."

"Mkataba sijausoma, na siujui. Mie nnamjua Ramadhani. Mlima wa kule Amerat tuliuchonga pamoja, mashine zikifa kwa joto, na yeye akilala chini yake juu ya mawe ya moto mpaka ziwake. Siku aliyopewa mkono nilikuwepo, na maneno niliyasikia kwa masikio yangu. Nimekuja ujue kwamba shahidi yupo hai."

Haitham alikunywa kahawa yake, akatikisa kikombe kwa adabu kuonyesha ametosheka, akarudi juu. Wazee wakaondoka adhuhuri. Jumatatu ya pili wakaja tena, na ya tatu. Kwa kweli nnadhani walikuwa wamepapenda, kuna kiyoyozi kizuri.

Alhamisi moja Haitham alikuja mezani kwangu na kuvuta kiti. Alisema mkataba wa bima wa wafanyakazi unakaribia kumalizika, na lile shirika linataka sana uendelee. "Peke yake hawamtaki," akasema. "Lakini nikiwaambia wakitaka wafanyakazi wote wawachukue na hawa wastaafu wachache, ndani ya kundi lile lile, na maradhi yao yote waliyonayo, wanaweza kukubali. Itaipandishia kampuni gharama. Lazima niende kwa wakubwa."

"Watakwambia uliloniambia mimi, kwamba hakuna palipoandikwa."

"Nnajua."

Alikwenda. Mie sikuwepo katika kikao, lakini aliniambia baadaye, na sidhani kama aliongeza chumvi. Si tabia yake. Mmoja wa wakubwa alimuuliza ahadi hii imeandikwa wapi. Yeye akajibu, "Haijaandikwa. Ndiyo maana nimekuja kuomba iandikwe." Walibishana kidogo, wakakubali kwa wale waliokwisha kustaafu na wasiokuwa na matibabu ya serikali, na vipimo vya Mzee Ramadhani kampuni ivilipie mpaka kadi itoke. Waliostaafu baadaye hawamo, mie mmojawapo. Nnakwenda kituo cha afya cha mtaani kwangu na kupewa namba kama watu wengine, na sina la kulalamika isipokuwa viti. Lakini nyinyi mnaofanya kazi katika makampuni, muulizeni mwajiri wenu mapema matibabu yanaishia siku gani, na mwambieni aandike. Mtu anayepewa mkono huwa hana nafasi ya kuandika.

Kadi ilipotoka nilimsindikiza Mzee Ramadhani hospitali kwa mara ya kwanza. Alinyoa, akavaa kofia yake ya sala ya Idi, na shati la mikono mifupi. Mwanaidi alitaka kuja naye, akamkataza. Alipofika mapokezi aliitoa kadi kwa mikono miwili na kuiweka juu ya kaunta. Msichana wa pale, kijana tu, aliitia kwenye mashine, akaitazama skrini, akamtazama mzee, akaitazama skrini tena.

"Baba, hii ni kadi ya kampuni," akasema kwa Kiarabu. "Wewe ni mfanyakazi wao?"

Mzee Ramadhani alinigeukia. Nilikuwa na jibu refu tayari, lenye mkataba na kundi na masharti, lakini nikamwachia, maana aliyeulizwa ni yeye.

"Nilifanya kazi mimi," akamjibu yule msichana, kwa Kiarabu chake cha gereji. "Sasa ni zamu yao."

Msichana akaandika alichoandika, akamrudishia kadi yake, akamwambia akae, ataitwa.